Grime's Graves, Spiennes au Krzemionki: machimbo matatu ya gumegume, uchague lipi?

Jiwe la gumegume, lile gumu lililochongwa mashoka ya kale, halilali ardhini kwa namna moja. Mahali pengine ni mabonge yaliyopangika ndani ya chaki laini, pengine ni mabamba mapana kama milango, na pengine ni vipande bapa vilivyobanwa katikati ya chokaa ngumu. Wachimbaji wa Ulaya wa miaka elfu nne hadi sita iliyopita hawakuwa na chuma wala baruti. Upana wa shimo, aina ya sururu, mahali pa kuacha nguzo: yote hayo waliyaamua kwa kufuata tabia ya jiwe na ya mwamba. Ndiyo maana machimbo matatu yanayotajwa zaidi, Grime's Graves ya Uingereza, Spiennes ya Ubelgiji na Krzemionki ya Poland, hayafanani hata kidogo ukishuka ndani. Mwenye nafasi ya kutembelea moja tu, au mwalimu anayetaka mfano mmoja wa kufundishia, achague kwa kuangalia swali alilo nalo. Umaarufu wa jina hautamsaidia.

Kwa aliye na haraka: ukitaka kuelewa duara moja, yaani shimo moja la mgodi, kutoka juu hadi chini, nenda Grime's Graves. Ukitaka kuona mbinu ya hatari na ya akili nyingi kuliko zote, nenda Spiennes. Ukitaka kutembea ndani ya mgodi na kuona jinsi njia za chini zilivyoshikana, nenda Krzemionki. Mkilazimisha tuchague moja kwa ajili ya mtu asiyejua lolote kuhusu uchimbaji wa kale, tutasema Krzemionki, na sababu zitaonekana mbele.

Kwanza: kwa nini wachimbe?

Swali hili huulizwa na kila mgeni, na ni la haki, kwa sababu katika nchi hizo gumegume huokotwa hata mashambani. Tatizo la jiwe la kuokota ni baridi. Likikaa juu ya ardhi miaka mingi, maji huingia kwenye vinyweleo vyake, huganda, huyeyuka, huganda tena, na kuacha nyufa ambazo jicho halizioni. Ukilipiga ili uchonge shoka, linapasuka linavyotaka lenyewe. Jiwe lililotoka mita kadhaa chini ni zima, lina unyevu wake, na pigo la nyundo hupita ndani yake kwa mkondo unaotabirika. Shoka lenye urefu wa sentimita 20 linahitaji bonge kubwa lisilo na ufa, na mabonge ya namna hiyo yako chini.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanalijua neno gumegume kupitia bunduki ya zamani, ile iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Uhusiano huo ni wa kweli kabisa: mji wa Brandon, kilomita chache kutoka Grime's Graves, uliendelea kuchonga vijiwe vya bunduki hadi karne ya 20, na sehemu ya mzigo huo iliuzwa Afrika. Tabaka la mawe walilolitafuta wachongaji hao ni lile lile walilolifuata watu wa Zama Mpya za Mawe.

Vipimo kwa mtazamo mmoja

| | Grime's Graves | Spiennes | Krzemionki |
|---|---|---|---|
| Mahali | Norfolk, Uingereza | karibu na Mons, Ubelgiji | karibu na Ostrowiec Świętokrzyski, Poland |
| Kipindi cha kazi | takriban 2600–2300 KK | takriban 4300–2200 KK | takriban 3900–1600 KK |
| Mwamba | chaki | chaki | chokaa ngumu |
| Kina kikubwa | mita 13 hivi | mita 16 hivi | mita 9 hivi |
| Ukubwa | mashimo zaidi ya 400 | zaidi ya hekta 100 | mashimo zaidi ya 4,000 |
| Urithi wa Dunia wa UNESCO | hapana | tangu 2000 | tangu 2019 |

Jedwali hili lisikudanganye kuhusu kina. Mita 9 ndani ya chokaa ya Krzemionki ni kazi nzito kuliko mita 9 ndani ya chaki, kwa sababu chaki hukatika kwa pembe ya mnyama na chokaa ile inahitaji jiwe kwa jiwe.

Grime's Graves: shimo pana, mwanga mwingi

Ukifika juu utaona uwanja wa majani uliojaa mabonde madogo ya duara, kila bonde likiwa ni shimo la kale ambalo kifusi chake kimeshuka. Watu wa baadaye walidhani ni kazi ya mungu Grim, ndiyo asili ya jina. Kasisi William Greenwell alichimbua moja kati ya mwaka 1868 na 1870 na kuthibitisha kwamba ni migodi.

Chini kuna matabaka matatu ya gumegume, na wachimbaji wa kisasa waliyapa majina yanayomaanisha jiwe la juu, jiwe la ukutani na jiwe la sakafuni. Watu wa kale walipita katikati ya mawili ya kwanza na kuendelea hadi la sakafuni, ambalo ni jeusi, kubwa na safi. Uamuzi huo ndio unaoeleza gharama ya mgodi wote.

Kazi ilianza kwa kufungua mdomo mpana, kwa sababu juu kuna mchanga na udongo usioshikana. Mdomo mwembamba ungejifukia wenyewe. Kisha waliingia kwenye chaki wakishuka kwa hatua. Zana kuu ilikuwa pembe ya ayala, yule mnyama wa Zaburi anayeionea shauku mito ya maji. Pembe za ayala dume huanguka kila mwaka na kuota upya, tofauti na za swala wetu, kwa hiyo nyingi ya pembe zilizokutwa migodini ziliokotwa porini bila kuua mnyama. Matawi ya pembe yalikatwa, likabaki moja karibu na shina. Ncha hiyo iliwekwa kwenye ufa wa chaki, mgongo wa pembe ukapigwa kwa jiwe kama kabari, kisha mpini ukavutwa kama mtaimbo mpaka bonge la chaki likang'oka. Mtu anayedhani ilirushwa hewani kama sururu ya chuma amekosea. Pembe itumikayo hivyo huvunjika mapema. Makumi ya pembe hukutwa ndani ya shimo moja, nyingine zikiwa na alama za mapigo mgongoni.

Walipofika jiwe la sakafuni, walikwanyua lote lililokuwa chini ya miguu yao, halafu wakafungua vichochoro kuelekea pande zote kulifuata tabaka. Vichochoro ni vifupi vya kimo. Mtu hufanya kazi akiwa amepiga magoti au amelala ubavu. Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini walikubali shimo pana. Chukua shimo lenye upana wa mita 5 na kina cha mita 9: ujazo wake ni mita za ujazo 177 hivi, na ukihesabu tani 2 kwa kila mita ya ujazo, ni tani 350 za kutoa kabla ya kuona jiwe unalolitaka. Lakini sakafu yake peke yake ina karibu mita za mraba 20 za gumegume, unazichukua ukiwa umesimama, juani. Chaki nyeupe huakisi mwanga hadi ndani ya vichochoro, na watu kadhaa huchimba bega kwa bega. Mashimo makubwa kuliko yote yanakadiriwa kutoa tani 2,000 za chaki, kazi ya watu 20 kwa takriban miezi 5.

Chaki hiyo yote ilienda wapi? Hapa ndipo akili yao inapoonekana. Kifusi cha kichochoro kipya kilisukumwa ndani ya kichochoro kilichomalizika, na kifusi cha shimo jipya kilimwagwa ndani ya shimo la jirani. Faida ni mbili: hakuna kubeba tani mia tatu mbali, na vichochoro vilivyojazwa havina paa la kuanguka. Gharama yake ni kwamba mgodi uliojazwa haufunguliwi tena kirahisi, kwa hiyo kila duara lilitakiwa kumalizwa kabla ya kuachwa.

Si kila mara mambo yalikwenda hivyo. Greenwell alikuta kichochoro ambacho paa lake lilikuwa limeanguka kabla jiwe halijatolewa. Nyuma ya kifusi kulikuwa na sururu mbili za pembe zilizoachwa, na juu ya tope la chaki lililogandamana kwenye mpini ilibaki alama ya mkono wa mchimbaji. Chaki hushika vizuri ikiwa kavu, ila ikinyonya maji ya masika na kisha kugandishwa, hubanduka kwa mabamba. Hatari kubwa ilikuwa kwenye mdomo wa kichochoro, pale hewa ya nje inapofika.

Spiennes: shimo jembamba, jiwe zito

Spiennes ni ya mapema kuliko Grime's Graves kwa zaidi ya miaka elfu moja na nusu, na ilichimbwa muda mrefu zaidi. Ilijulikana vizuri mwaka 1867, njia ya reli ilipokata kilima cha Camp-à-Cayaux na kufichua mashimo ukutani kama meno yaliyong'oka. Ukikaa Brussels, ambako Wakongo wengi wanaosema Kiswahili wanaishi, hili ndilo chimbo la karibu: treni hadi Mons, kisha safari fupi.

Hapa wachimbaji walifanya kinyume cha Norfolk. Mashimo ya Petit-Spiennes, sehemu mojawapo ya chimbo, yana upana wa sentimita 80 hadi 120 tu. Rudia hesabu ile: upana wa mita 1 na kina cha mita 10 ni chini ya mita za ujazo 8, yaani kama tani 16. Kwa jasho la shimo moja la wastani la Grime's Graves ungechimba zaidi ya 20 ya haya. Lakini sakafu ya shimo hili ni chini ya mita 1 ya mraba. Karibu kila jiwe lilitakiwa kutoka pembeni, gizani, chini ya paa.

Sababu ya shimo jembamba iko juu yake. Kabla ya chaki kuna udongo mwepesi na changarawe isiyoshikana, na kila sentimita unayoongeza upana ni ukuta zaidi wa kukuangukia. Shimo jembamba hujishikilia lenyewe kama kisima.

Sehemu inayostahili safari ni jinsi walivyolitoa jiwe. Gumegume la Spiennes hukaa kama mabamba, mengine yakifikia urefu wa mita 2 na uzito wa mamia ya kilo. Bamba la namna hiyo huwezi kulikwanyua kwa juu. Umebanwa na huna nguvu. Kwa hiyo walichimba chaki chini yake. Waliacha ukuta au nguzo ya chaki katikati, wakaongeza nguzo za miti pembeni (mchimbaji wa Geita angeziita matimba), wakaendelea kusafisha hadi bamba likabaki limening'inia juu ya nguzo hizo tu. Kisha waliondoa nguzo, na bamba likaanguka kwa uzito wake lenyewe. Lilivunjwa vipande palepale na vipande vikapandishwa. Uwazi uliobaki ulijazwa kifusi.

Fikiria mpangilio wa maamuzi hayo. Ukiacha chaki nyingi chini, bamba halianguki. Ukiacha kidogo mno, linaanguka ukiwa chini yake. Na bamba likishuka, paa la chaki lililokuwa limelalia juu yake nalo halina tena kizuizi, kwa hiyo kujaza kifusi mara moja lilikuwa jambo la uhai. Katika machimbo yote matatu, hii ndiyo mbinu ambayo haikuruhusu mtu asiyefundishwa.

Sururu za hapa zilikuwa za gumegume lenyewe, zimechongwa ndefu zenye ncha na kufungwa kwenye mpini wa mti. Pembe zilitumika kwa kiasi kidogo. Sururu za gumegume zilichakaa haraka, na zilizovunjika zimejaa katika kifusi. Juu, pembeni ya midomo ya mashimo, wachongaji walitengeneza mashoka ghafi na mabapa marefu. Vibanzi vyao bado vinafunika mashamba ya kijiji. Kusugua shoka hadi ling'ae kulifanyika baadaye kwenye mawe ya mchanga, kazi ya saa nyingi ambayo haikuhitaji kuwa karibu na mgodi.

Krzemionki: njia zilizoshikana

Jina hutamkwa takriban Kshemionki. Mwanajiolojia Jan Samsonowicz aliligundua chimbo hili Julai 1922, na bahati njema ni kwamba sehemu kubwa ya njia zake za chini zilikuwa bado wazi, hazikufukiwa wala kuporomoka. Chokaa ngumu ambayo iliwatesa wachimbaji ndiyo iliyoutunza mgodi wao. Hakuna mahali pengine Ulaya tunapopajua ambapo mgeni wa kawaida anaona mengi kiasi hiki yakiwa katika hali yake.

Ukitazama ramani, mashimo yanafuata mkanda uliopinda kama kiatu cha farasi kilichovutwa, urefu wake kilomita 4 na nusu hivi. Mkanda huo ni ukingo wa tabaka la mwamba lililokunjika kama bakuli: nje tabaka linagusa uso wa ardhi, na kadiri unavyoingia ndani linazama. Kwa hiyo chimbo moja lina mbinu zote, zikipangwa kwa kina. Ukingoni walichimba mashimo ya kawaida ya mita 2 hivi. Hatua chache ndani, mita 4 hadi 5, walianza kula pembeni mwa sakafu ya shimo na kutengeneza mashubaka. Ndani zaidi kuna migodi ya vyumba na nguzo, ambapo mwamba mzima uliachwa mahali pengine kushikilia paa. Na kwenye kina cha kufikia mita 9 kuna vyumba vikubwa ambavyo paa lake lilishikiliwa na kuta za kifusi kilichopangwa kwa mkono, jiwe juu ya jiwe, bila udongo.

Kimo cha vyumba ni kati ya sentimita 55 na 120. Ni kimo cha kutambaa. Mchimbaji hakutoa mwamba hata kidogo zaidi ya alichohitaji ili mwili wake upite, kwa sababu kila kipande cha chokaa kilimgharimu. Walitumia sururu na nyundo za jiwe, na pembe kama kabari za kung'oa kilichokwisha kulegezwa. Walimulika kwa mienge ya kuni, na masizi ya mkaa yamebaki kwenye nguzo pale walipoipangusa. Baadhi ya alama hizo ni michoro halisi ya mkaa, mmojawapo ukiwa umbo linalosomwa na wengine kama mtu na wengine kama pembe za ng'ombe. Sisi hatuoni sababu ya kushikilia tafsiri moja.

Jiwe la hapa lina mistari, kijivu cheupe na kijivu cheusi, kama mawimbi. Si rahisi kulichonga kuliko gumegume jeusi la chaki. Uzuri wake unaonekana likisuguliwa, na watu wa utamaduni wa mitungi ya duara, jamii ya kale inayoitwa hivyo kwa umbo la vyombo vyake, walilipenda hivyo. Mashoka yao yamekutwa zaidi ya kilomita 600 kutoka mgodini. Mwenye shaka kwamba watu wa kale walichagua jiwe pia kwa macho, aanzie hapa. Leo mji wa Sandomierz unauza vito vya jiwe hilohilo.

Kushuka chini: nani aende wapi

Katika Grime's Graves, shimo nambari 1 ndilo linalofunguliwa kwa umma, mita 9 kwenda chini. Unasimama kwenye sakafu na kuchungulia vichochoro vinavyoanzia miguuni pako. Huingii ndani yake. Huo ndio udhaifu wake: unaona milango, huoni nyumba. Hakuna usafiri wa umma wa kukufikisha getini, na popo hulala humo majira ya baridi, kwa hiyo usipange safari ya Desemba.

Spiennes ina kituo cha Silex's, kilichofunguliwa mwaka 2015, kilichojengwa juu ya mashimo yenyewe. Kushuka ni kwa ngazi ya wima ya takriban mita 10, ukiwa na kofia ngumu na mkanda wa usalama, katika vikundi vidogo vya kuongozwa. Weka nafasi mapema. Anayeogopa kimo, mwenye goti bovu au mtoto mdogo atabaki juu, na juu pekee hapatoshi kufidia safari. Hufungwa majira ya baridi.

Krzemionki ina njia ya chini ya takriban mita 500, iliyokatwa na wahandisi wa kisasa ili kuunganisha migodi ya kale. Unatembea wima kwenye njia mpya, na kushoto na kulia unaangalia vyumba vya kale kwa usawa wa kifua. Joto ni kama nyuzi 5 hadi 9 mwaka mzima, hata Julai, kwa hiyo beba koti. Kasoro yake ni umbali, kwani Ostrowiec Świętokrzyski iko mbali na miji mikubwa, na mara nyingine utamsubiri kiongozi anayesema lugha unayoielewa.

Kwa mwalimu asiyesafiri, uchaguzi unabadilika. Grime's Graves ndiyo rahisi kuchora ubaoni: shimo, matabaka matatu, vichochoro, kifusi. Spiennes inafaa somo la fizikia, mzigo na nguzo. Na wanafunzi wa Kenya au Tanzania wakiuliza kama haya ni ya Ulaya peke yake, wapelekwe Nazlet Khater huko Misri ya juu, ambako watu walichimba mashimo na njia za chini kutafuta jiwe la namna hii zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, au Mlima Eburru karibu na Naivasha, ambako wafugaji wa kale walichimba obsidiani (jiwe la volkeno lililo kama kioo) iliyosafirishwa zaidi ya kilomita 200.

Popote utakaposhuka, omba taa iwekwe pembeni, imulike ukuta kwa mshazari. Taa ya mbele hufuta kila kitu. Ya mshazari hutoa mikwaruzo: mifereji mifupi yenye ncha ya mviringo ni pembe ya ayala, makovu mapana yenye kingo kali ni sururu ya jiwe. Angalia inaelekea wapi. Alama zikishuka kutoka kulia kwenda kushoto, mchimbaji alikuwa amelalia ubavu gani? Muulize kiongozi swali hilo, halafu inama hadi kimo cha mchimbaji huyo, ndipo utazame tena.